Nywele za Yaya Georgine

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka hadi nisahau majina ya wajukuu wangu, naamini hiyo itabaki. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mwezi wa kumi, wakati joto la Lubumbashi linapolala juu ya mabati na mvua bado inajivuta kuja. Watu wa ukoo wetu walikuwa wamekusanyika mtaani Kampemba, nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Yaya Georgine, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. Walikuja kuamua kama mama mkwe wake afukuzwe katika nyumba ile au aachwe abaki. Na kilichowaleta wote hao, mpaka mjomba wetu aliyekuwa na miguu mibovu, kilikuwa nywele.

Nataka nikusimulie polepole, maana mambo ya namna hii yakisimuliwa haraka yanafanana na umbea.

Yaya Georgine alinizidi miaka ishirini. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni, na mgongo ulionipokea ulikuwa wake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pale parokiani aliongoza sauti za wanawake katika kwaya, na alipoinua mkono, hata watoto waliokuwa wakipigana viatu chini ya viti walinyamaza. Alikuwa mrefu, mweusi mzuri, na kichwani alikuwa na nywele nyingi zilizokuwa zikivunja vitana. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka. Kila nilipomaliza kichwa chake vidole viliniuma hadi kesho yake, naye alikuwa akinicheka.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona wa kwanza. Alikuwa amepita kidogo miaka hamsini. Siku hiyo nilipasua njia katikati ya kichwa ili nianze kusuka, nikaona njia ile ni pana kuliko ilivyokuwa. Nikadhani nimeshika kitana vibaya. Nikarudia. Ngozi ilionekana.

"Mado, juu ya nini unanyamaza?" akaniuliza.

"Yaya, nywele inaanza kupungua hapa katikati."

Akapeleka mkono, akapapasa. Halafu akasema, "Bon. Suka yenye imebaki."

Ndivyo alivyokuwa. Lakini miezi iliyofuata haikuwa ya nywele peke yake. Yaya alianza kuchoka. Mwanamke aliyekuwa akitoka shuleni akapika, akafua, akaenda mazoezi ya kwaya, sasa alikuwa akirudi na kulala kwenye kiti kabla ya kuvua viatu. Uso wake ulivimba kidogo asubuhi. Alisikia baridi, mimi nilikuwa natokwa jasho na kujipepea kwa kifuniko cha sufuria, yeye amevaa triko ya sufu na kufunga vifungo vyote. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Ilishuka, ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua yasiyoisha, mpaka Jumapili moja alipofungua kinywa kuanzisha wimbo na hakuna kitu kilichotoka. Aliinua mkono, akampa ishara mama mwingine aanze, naye akabaki amesimama pale mbele hadi mwisho wa misa, akiongoza kwa mikono tu. Watu walimwangalia kwa huruma. Mimi nilimwangalia nikasema moyoni kwamba sijawahi kuona mtu aliyesimama wima namna ile.

Maneno yalianza hapo. Wengine walisema ni zile nywele za bandia alizokuwa akivaa siku za sherehe, zimekula kichwa chake. Jirani mmoja alisema mwanamke akikoma kwenda mwezini damu yake hukauka, na nywele hukauka nazo, hakuna la kufanya isipokuwa kufunga kitambaa na kungoja uzee. Mama mwingine wa kwaya, aliyempenda kweli, alimletea chupa ndogo isiyo na karatasi wala jina, akamwambia ni sindano ya homoni, imetoka ng'ambo ya mpaka, inarudisha nywele na ujana kwa pamoja. Yaya aliishika ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga, akamrudishia kwa mikono miwili ili asimvunje moyo.

"Aksanti, mama. Mais kitu yenye haina jina, siwezi kuingiza mu mwili yangu."

Mwanangu, kukataa dawa wakati huumwi ni rahisi. Yeye alikataa akiwa anaona nywele zake kwenye mto kila asubuhi.

Sasa nikutambulishe kwa mama mkwe. Jina lake lilikuwa Mama Ngoie, mama wa shemeji yangu Ilunga. Alitoka Kasenga, kule kwenye mto Luapula, na maisha yake yote alikuwa amekausha samaki na kuuza. Mumewe alipofariki, Ilunga alimleta kukaa kwao Kampemba. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, asiyesema sana, mikono yake imejaa alama za miiba ya samaki. Yeye na Yaya walielewana bila kelele. Mmoja akichambua sombe, majani ya muhogo, mwingine alitwanga, na nyumba ilikwenda.

Siku moja jirani alichungulia juu ya ukuta akamwona Mama Ngoie nyuma ya jiko, ameinama, anachimba kashimo kwa kisu na kuzika kitu. Kilikuwa nywele. Nywele za Yaya, zile zilizobaki kwenye kitana. Habari ile haikukaa. Ilipofika kwa Mjomba Pascal, ndugu mdogo wa mama yetu, aliyetulea sisi wote kwa mshahara wake wa karakana, aliunganisha mambo kama mtu anayeunganisha mabomba. Nywele zinapotea. Sauti imepotea. Na mwanamke mzee anazika nywele. Akasema ni bulozi, ni uchawi, akaita ukoo.

Usimcheke Mjomba. Alimpenda Yaya kama binti yake wa kwanza, na aliona anazimika mbele ya macho yake. Woga wa mtu anayependa ni mkali sana. Lakini jua pia kilichokuwa mezani siku ile. Mwanamke mzee akifukuzwa kwa jina la mulozi, haendi popote. Kijijini wanasikia kabla hajafika. Tumewaona wanawake wa namna hiyo wamelala kwenye milango ya makanisa, na watoto wanawatupia mawe.

Basi Jumapili ile tulikaa uani kwa duara. Mjomba alisema yake kwa upole, bila kupaza sauti, na upole ule uliniogopesha zaidi. Shemeji Ilunga, mwana wa mwanamke anayeshtakiwa na mume wa mwanamke anayeumwa, alikuwa akiangalia mikono yake. Kisha Mjomba akamgeukia Mama Ngoie.

"Mama, ulizika nywele ya mutoto yetu?"

"Nilizika," akajibu.

Watu walivuta pumzi. Naye akaendelea, taratibu kama alivyosema siku zote: "Ku kwetu, nywele ya muntu mwenye unapenda, hauiachake chini. Nilikuwa naona nywele yake inaanguka mingi. Nikazika, juu muntu mubaya asiiokote."

"Balozi bote banasema vile," Mjomba akasema, akimaanisha wachawi wote.

Hapo ndipo Yaya alipoinuka. Aliingia ndani ya nyumba, akakaa kidogo, akatoka ameshika mkasi wake wa kukatia vitambaa. Akavuta kigoda, akakiweka katikati ya duara mbele ya miguu ya mama mkwe wake. Akafungua kilemba. Kwa miezi mingi hakuna aliyekuwa ameona kichwa chake isipokuwa mimi na watu wa nyumba ile. Sasa ukoo mzima ulikiona mchana kweupe: pembeni nywele bado zipo, katikati ngozi inang'aa. Mama mmoja alifunika mdomo. Yaya akakaa kwenye kigoda, akampa yule mama mzee mkasi.

"Mama, unikate yote."

Mjomba alisimama. "Georgine, unatafuta kufa?"

Yaya alimjibu kwa sauti ile iliyokwaruza, na tulilazimika kuinama ili tumsikie. "Mjomba, munasema anakamata nywele yangu kwa kuniua. Leo minamupa yote, mbele yenu. Kama minakufa, mutajua. Kama sikufi, mutakuya kumuomba pardon. Na juma hii nitaenda kwa munganga wa hospitali banipime damu. Kama ugonjwa iko mu damu, itaonekana. Mpaka ile siku, hakuna muntu atagusa mama mu nyumba yangu."

Mama Ngoie alikuwa ameushika mkasi, hajakata. Yaya alinyoosha mkono nyuma, akautafuta mkono wake, akaubana kidogo. Kisha akaniita mimi.

"Mado, kuya, ushike kikwembe."

Sikutoka kwenye kiti. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nimesoma, nina kazi, na nilikuwa nikiitazama mikono ya yule mama mzee.

"Unaogopa nini?" akaniuliza, bila hasira. "Ni mikono yenye inatupikiaka."

Neno lile ndilo karipio ninalolikumbuka kuliko yote niliyopata maishani. Nikaenda, nikashika kikwembe, kipande cha kitenge, chini ya shingo yake, na Mama Ngoie akakata. Alikata vizuri, taratibu, akilia bila sauti. Ulisikika mkasi, na redio ya jirani. Alipomaliza, alizikunja nywele zote ndani ya kikwembe, akasimama, akaenda nazo nyuma ya jiko, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumfuata.

Juma lile lile tulikwenda hospitalini: Yaya, shemeji Ilunga, mimi, na Mama Ngoie, ambaye alivaa kitenge chake cha sikukuu na kusema habaki nyumbani. Munganga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Hakuanza na kichwa. Alimuuliza Yaya maswali ambayo sisi sote, pamoja na mapenzi yetu, hatukuwa tumeuliza. Unasikia baridi wakati wengine wanasikia joto? Unapata choo vizuri? Unalala na kuamka bado umechoka? Sauti ilianza kubadilika lini? Alimgusa shingo kwa vidole, akamwambia ameze mate, akaangalia nyusi zake, ambazo kweli zilikuwa zimepungua kwenye ncha na mimi sikuwa nimeona. Kisha akaandika damu ipimwe.

Tuliporudi kuchukua majibu, alituketisha akatueleza. Mbele ya shingo ya kila mtu kuna tezi ndogo, wenye kusema Kifaransa wanaiita tiroide. Kazi yake ni kutengeneza homoni, na homoni ni kama mjumbe anayetembea katika damu akiuambia mwili uende kasi gani. Ya Yaya ilikuwa imelegea. Ndiyo maana moyo ulikwenda polepole, mwili ulikuwa baridi, sauti imekuwa nzito, nywele zimeacha kushika.

"Na umri je?" Yaya akauliza.

"Umri nao upo," munganga akasema. "Ni mambo mawili, mama, yamekutana kichwani. Mwanamke akikoma kwenda mwezini, homoni zake zinabadilika, na wengi wanapungukiwa nywele hapa katikati. Huo si ugonjwa. Ila tezi ni ugonjwa, na unatibika. Kama watu wangeendelea kusema ni umri tu, ungeendelea kuharibika."

"Nywele itarudi?"

"Nyingine itarudi. Nyingine hapana."

Yaya alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Alipenda kuambiwa ukweli. Kisha akaanza kuuliza kwa niaba ya kwaya nzima. Nywele za bandia je? Munganga akajibu kwamba kusuka kwa kuvuta sana, au kubandika vitu vizito, kunang'oa nywele za mbele na pembeni, na mtu akizidisha, mizizi inakufa. Lakini hilo halikuwa lililompata yeye. Na kwamba nywele zinarithiwa kwa mama peke yake? Kwa baba pia. Na kunyoa ili ziote nyingi? Kunyoa hakuongezi hata mzizi mmoja. Na zile sindano? Hapo munganga alivua miwani. Alisema homoni ni dawa kweli, zipo za aina nyingi, na kila moja ina mtu wake na kipimo chake. Kumdunga mtu homoni asiyoijua kunaweza kumletea damu kuganda au ugonjwa mwingine mkubwa kuliko upara.

Shemeji Ilunga, ambaye kichwa chake kilikuwa wazi tangu ujana, alikohoa. "Na siye wanaume, docteur? Banasemaka upara ni homoni mingi. Ni nguvu."

Munganga akatabasamu. "Papa, mwenye upara na mwenye nywele, mara nyingi homoni zao ni sawasawa. Tofauti iko kwenye mizizi, namna inavyozipokea."

Mama Ngoie alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mwanangu, dawa ya tezi haifanyi muujiza. Yaya alianza kumeza kidonge kila asubuhi kabla ya kula, na majuma yalipita bila kitu. Majirani walimwangalia kichwa chake kifupi, wakaangaliana. Hakubishana nao. Alirudi kupimwa damu, dawa ikaongezwa, akarudi tena. Siku moja nilifika nikamkuta anafagia uani, triko imetundikwa kwenye kamba. Nilikaa tu nikamwangalia anavyofagia.

Sauti ilichelewa zaidi. Ilirudi kidogokidogo, kama mtu anayerudi nyumbani kwa miguu kutoka mbali. Siku ya Pasaka alisimama mbele ya wanawake wake, kichwa wazi, nywele fupi laini, katikati bado nyepesi. Akaanzisha wimbo. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo kuliko ya zamani, na masikioni mwangu ilikuwa nzuri zaidi. Wanawake walichelewa kuitikia kwa sababu baadhi yao walikuwa wanalia.

Mjomba Pascal alikuwa kwenye kiti cha tatu. Baada ya misa hakwenda kwake. Alifuatana nasi mpaka Kampemba kwa miguu yake mibovu, akaingia uani, akavua kofia, akakaa kwenye mkeka, chini, mbele ya Mama Ngoie. Mzee wa umri wake, na suti yake ya Pasaka.

"Mama, nilikosa mbele yako. Unipe pardon."

Mama Ngoie alimwangalia. "Ulikuwa unaogopa kumupoteza mutoto yako," akasema. "Ata miye nilikuwa naogopa."

Kisha akainuka akaenda kumpikia. Alileta bukari, ugali wetu, na samaki wa Kasenga, akaviweka mbele yake, na Mjomba Pascal akanawa mikono, akala chakula chote. Sisi tuliokuwa pale tulijua maana ya sahani ile kuwa tupu.

Mama Ngoie aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafia katika nyumba ile ile, na aliyemfumba macho ni Yaya. Yaya naye yu hai. Amepita miaka sabini, bado anameza kidonge chake asubuhi, bado anawasahihisha wanakwaya. Siku za arusi anavaa nywele za bandia kwa sababu anazipenda, halafu akifika nyumbani anazivua mbele ya wageni. Wanawake wengi wamepita kwenye mkeka wake kumwonyesha vichwa vyao kwa siri, naye amewasindikiza hospitalini yeye mwenyewe. Mmoja alikutwa ana upungufu wa damu, akatibiwa. Mwingine ilikuwa misuko ya kuvuta tu. Wengine ilikuwa umri, basi, wakarudi nyumbani wametulia. Mimi ni mmoja wao. Damu yangu ni nzuri, na njia ya katikati ya kichwa changu inapanuka kila mwaka.

Sasa nisikilize. Siku utakapoona nywele za mama yako zinapungua, au za mke wako, au zako mwenyewe, usitafute wa kumlaumu. Uliza kwanza anavyolala, anavyosikia baridi, kama moyo unakwenda mbio au unavuta, kama kuna dawa mpya anayotumia. Mpeleke kwa munganga. Usimwambie ni uzee tu kabla hajapimwa, na akishapimwa ikawa ni uzee, usimwambie kwamba uanamke wake umekwisha, kwa sababu haukukaa kwenye nywele. Usiingize mwilini kitu kisicho na jina, hata kikiletwa na mtu anayekupenda. Ukipewa dawa ya kweli, kuwa na subira nayo. Na ukiwa na woga, mwanangu, na sote tunao, usimtwishe mwanamke mzee woga wako.

Mungu akupe mwili mzima na akili tulivu. Akupe dada kama niliyepewa mimi, au akufanye wewe uwe kama dada huyo kwa wengine. Na miaka ikikufikia, uzeeke katikati ya watu watakaokuuliza unajisikiaje kabla ya kuulizana nani amekuroga.